Adapta ya amplifaya: nitie volti 24 ama niwache?

mwana_kisauni
Salaam wenzangu. Nina kaamplifaya kadogo ka chipu ya TPA3116, kalikuja na adapta yake ya volti 12 ampea 2, nimekaunga na spika za babu za ohm 8, zile za boksi la mbao. Volyumu ikiwa chini sauti safi kabisa, lakini nikitia taarab na nikapita nusu, ngoma ikipigwa tu ile taa ya mbele yapepesa na sauti yapasuka kama mtu akanyaga makuti makavu. Fundi mmoja aniambia nitie ya volti 24 nisahau. Ni kweli ama ataniunguzia? Sina pesa ya kununua mara mbili wallahi.

fundi_majengo
Taa ikipepesa ujue volti zaanguka, adapta imeshindwa. Volti 12 kwa ampea 2 ni wati 24 zote kwa jumla, ngoma ikidai zaidi haina cha kukupa. Chipu yenyewe yastahamili mpaka volti 26, hapo huyo fundi hajakosea, LAKINI kabla hujatia 24 fungua boksi usome zile kapasita kubwa, yale makopo ya kuweka umeme, zimeandikwa volti ngapi. Nyingi huja na za 25V, huo ndo mwisho wake, na hizo adapta za bei ya chini ukizipima na mita waweza kukuta 25 na kitu, basi kapasita ikaa ikaa yafura kichwa kama hamri. Ukishafungua pia tazama jeki, chumvi yetu ya huku pwani hula shaba ikawa kijani, pangusa na spiriti.

bi_makadara
Mwanangu usinunue kitu. Tafuta chaja nzima ya laptopu ilokufa, volti 19 ampea 4.74, hiyo ni wati 90 na ni kitu kilichotengenezwa vizuri kuliko hizo "24V 5A" za mezani ambazo ukizishika nyepesi kama kibiriti. Kwa spika ya ohm 8, volti 12 yakupa kama wati 9 kila upande, 19 yakupa kama 22. Usitarajie kelele mara mbili, masikio hayahesabu hivyo, faida ni kuwa ngoma haipasuki. Plagi haitaingia, kata ulehemu nyingine, na upime chanya na hasi kabla hujachomeka, ukigeuza ndo basi tena. Kama ni ya HP ama Dell utakuta waya wa tatu mwembamba, huo ni wa komputa kuitambua chaja, uzibe na tepu uuwache.

mwana_kisauni
Kapasita ni 25V kweli! Nimepata chaja ya 19 kwa binamu, nimelehemu, taa haipepesi tena na besi imekaa maashaallah. Ila sasa kuna mvumo mmmmm hata mziki ukisimama, zamani haukuwepo. Napigia kwa laptopu yangu.

fundi_majengo
Laptopu iko kwa chaji? Ichomoe uache itumie betri, uniambie.

mwana_kisauni
Kimya!! Kumbe?

fundi_majengo
Chaja zote mbili ni za pini tatu, athi, ule waya wa ardhi, yapita kwa hii na kwa ile halafu zakutana tena kwenye waya wa sauti, yazunguka. Adapta yako ya kwanza ilikuwa pini mbili ndo maana hukuusikia. Na usije ukafanya ujanja wa kukata ile pini ya athi, huku soketi za nyumba nyingi zenyewe zina mashaka, siku moja utashika spika za babu uruke. Nenda maduka ya redio za gari uulize aizoleta ya RCA, kidude cha kukata huo mzunguko, waiweka kwenye waya wa sauti kati ya laptopu na amplifaya.

bi_makadara
Ama piga kwa simu isiyo kwa chaji, bure.

mwana_kisauni
Simu basi, mpaka mwisho wa mwezi.