Jina lililosawijika: Kiingereza kinasemaje, nasi tufasirije?

Mfasiri wa Mkomani, Lamu
Assalaam aleikum. Kazi yangu ni kuwasomea na kuwaandikia watu barua, na wiki iliyopita niliteleza. Mzee mmoja aliletewa barua ya Kiingereza kuhusu deni la mashua, nayo ilisema kwamba jina lake ni "tarnished", nami nikamsomea kwamba limeota kutu. Alinyamaza, akavua kofia, akaniuliza kama ameshakuwa nanga. Barua hiyo hiyo ina "under a cloud", yaani chini ya wingu, na "his name is mud", yaani jina lake ni matope. Naomba msaada wenu.

Sonara wa Langoni
Waaleikum salaam. Neno hilo la kwanza ni letu mafundi. Kutu ni ya chuma, nayo hula mpaka ndani. Fedha haioti kutu, bali husawijika usoni tu kwa sababu ya salfa iliyomo hewani. Juzi nililetewa kikuku kilichokaa sandukuni miaka mingi, cheusi kama sufuria ya kuni. Nilikisugua kwa majivu na ndimu, weupe ukaanza kuchungulia kwenye nakshi zilizoinuka, na weusi uliobaki katika mifereji niliuacha kwa kuwa ndio unaozipa nakshi uzuri. Basi aliyeandika hakusema jina limeoza. Andika kwamba limefifia.

Mkaazi wa Malindi
Naafikiana na fundi, ila usikimbilie "limeingia doa". Aliyewahi kudondokewa na maji ya bibo kwenye kanzu anajua kwamba kuna doa lisilotoka.

Kuhusu matope, wengi husimulia kwamba msemo huo ulitokana na Samuel Mudd, daktari wa Marekani aliyemtibu mguu John Wilkes Booth baada ya Booth huyo kumpiga risasi Rais Lincoln mwaka 1865. Kisa ni kitamu, lakini msemo wenyewe ulikwisha kuchapishwa London katika kamusi ya misimu mwaka 1823, miaka 42 kabla ya risasi hiyo. Tena sisi husema mtu amepakwa matope, na msikilizaji huuliza mara moja ni nani aliyempaka. Mwingereza hamtaji mpakaji, kwake jina lenyewe ndilo tope. Ningeandika: "hana jina tena mbele za watu".

Bin Shela
Hilo la wingu usilifasiri neno kwa neno, maana kwetu wingu ni mvua, na mvua ni heri. Maana yake ni kwamba anatiliwa shaka na hakuna lililothibitishwa. Ukiandika "ameumbuka" umeshamhukumu, na hapo kashfa itakuwa yako wewe mfasiri.

Mfasiri wa Mkomani, Lamu
Ahsanteni sana. Nimemsomea upya: jina limefifia, anatiliwa shaka, hana jina tena kwa wadai wake. Amevaa kofia yake, na sasa anataka nimwandikie jibu la Kiingereza kwamba atalisafisha jina lake. Je, Waingereza nao husafisha?