Mjadala: Mjamzito akihema kupita kiasi, arudi nyumbani au abaki spitali?

Mleta mada, Wete

Asalaam alaykum wanabaraza. Juzi kwenye shughuli ya arubaini hapa mtaani kwetu Wete, Pemba, kulizuka ubishi mpaka chai ikapoa. Mwenzetu mmoja anayefanya kazi za afya alisema kila mjamzito, na kila mzazi ambaye hajatoka arubaini, akifika kituoni kwa lolote, hata mguu kuuma, apimwe kwanza vitu sita: joto, mapigo ya moyo, pumzi, presha, mkojo, na kama akili yake imetulia. Kimoja kikiwa kibaya, haondoki siku hiyo. Wazee wakamcheka. Mwenye duka akasema basi tujenge spitali nyingine ya kuwalaza wazima.

Mie nipo naye, na sababu yangu kubwa ni pumzi. Sepsisi ni pale mwili unapopambana na maambukizi mpaka ukajidhuru wenyewe, figo na mapafu yakaanza kushindwa. Kwa mjamzito hujificha. Mimba yenyewe huongeza mapigo ya moyo, huteremsha presha kidogo miezi ya katikati, na hupandisha chembe nyeupe za damu bila ugonjwa wowote. Kwa hivyo muuguzi akikuta mapigo 105 atasema "mimba hiyo", na mara nyingi atakuwa kasema kweli. Pumzi ni mambo mengine. Mjamzito huvuta hewa nyingi kwa kila pumzi, lakini idadi kwa dakika haibadiliki sana. Akiwa amekaa kitako na anafika 25, kuna jambo. Na kuhesabu kunataka saa yenye mshale wa sekunde tu, na mtu wa kutulia dakika nzima.

Nani kati yenu kaona mkewe akihesabiwa pumzi?

Kijana wa Chake

Kadi ya mke wangu imeandikwa 20 kila safari. Hata siku aliyofika anatweta kwa jua.

Mkunga mstaafu

Huyo kijana kasema kweli, na sisi wakunga tunajua. 20 huandikwa kwa mazoea.

Nikuambieni niliyoyaona mwenyewe, kituo sikitaji. Mzazi wa siku ya tisa, kaja na mama mkwe. Kapimwa malaria, hana. Joto 35.6, wenzangu wakafurahi: hana homa, mpeni panadol arudi. Hakuna aliyemtazama kifua kinavyopanda na kushuka. Usiku akaanza kusema maneno yasiyofahamika, nyumbani wakaona kaingiwa na shetani, wakamwandikia kombe, zile aya za kuoshwa kwa maji akanywa. Alirudishwa asubuhi na mkojo umeshakatika. Hakupona.

Mambo mawili hapo. Kwanza, malaria Zanzibar imekaa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi, basi kipimo kikisema hana ndiyo kazi inaanza: mkojo, ziwa la kunyonyesha, mshono, kizazi. Sie tunakifanya ndiyo mwisho wa kazi. Pili, mwili wa baridi chini ya 36 unatisha kama homa ya 38 na zaidi, pengine kuliko hiyo. Kombe silikatazi, wanangu. Anywe akiwa garini.

Mtu wa Kojani

Shikamoo Bi Mkunga. Nimekufahamu, lakini nyinyi wa Wete mna lami mlangoni. Sie tunavuka kwa chombo. Mkimvusha mwanamke usiku mara mbili mkamwambia ni mzima, mara ya tatu hatakuja, na hiyo ya tatu ndiyo itakuwa ya kweli. Kadi yenye kengele nyingi za hatari inaua kama isiyo na kengele.

Halafu hizi alama za hatari za kuhesabu zilianza kwa wagonjwa wa kawaida, baadaye ndiyo zikarekebishwa kwa wajawazito: pumzi 25, namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90, akili kubadilika. Zinaonyesha nani kazidiwa. Anayeanza kuumwa zinaweza kumkosa.

Muuza dawa, Mkoani

Kwani tunahangaika na nini? Utafiti uliotoka 2023, wanawake karibu 30,000 katika nchi 7, Kenya ikiwamo: gramu 2 za azithromaisini, antibiotiki, mara moja tu, uchungu ukiwa umeshaanza. Sepsisi au kifo kwa mama vilishuka kutoka asilimia 2.4 hadi 1.6. Wapeni wote.

Mkunga mstaafu

Mwanangu, hao ni waliokuwa leba wakitarajiwa kuzaa njia ya kawaida. Wa miezi mitano mwenye mkojo mchafu utampa lini? Aliyeharibikiwa na mimba nyumbani, akaona haya kusema? Na wewe ukiuza amoksilini mbilimbili kwa mwenye mafua, hiyo dawa yako nyingine itafanya kazi miaka mingapi?

Mpita njia

Maji na sabuni leba! Semmelweis aliwaosha madaktari wa Vienna mikono tangu 1847, leo tunabishania kadi.

Mleta mada, Wete

Sabuni na kadi hazigombani. Malawi na Uganda walifanya vyote pamoja katika spitali zao, mikono safi, kinga, na kumtambua mapema anayezidiwa. Matokeo ya 2025 yalionyesha vifo na madhara makubwa ya maambukizi kwa wazazi vimepungua kwa karibu thuluthi moja.

Ndugu yangu wa Kojani, umenigeuza kidogo. Tuseme hivi: pumzi zikizidi peke yake, mama akae kitako nusu saa, ahesabiwe tena na mtu mwingine. Zikibaki juu, au akili imeyumba, au mkojo umepungua, hapo hakuna kusubiri, apewe antibiotiki ya sindano ndani ya saa moja hapo hapo kituoni, ndipo avushwe. Asivushwe mikono mitupu.

Mtu wa Kojani

Hiyo naikubali. Na chombo cha saa nane usiku nani analipa? Hilo umelipita.

Mleta mada, Wete

Nimelipita kwa sababu sina jibu. Jumamosi nipo kwa sheha, njoo tuulize pamoja.