Mrejesho: krauni za litiamu disilikati zilizokuwa zikipasuka

Wakuu, niliuliza kwa nini krauni (vifuniko vya meno) za litiamu disilikati, aina ya kauri ya kioo, kutoka maabara yetu hapa Mwanza zinapasuka muda mfupi baada ya kugandishwa kwenye jino. Aliyesema "pimeni tanuri kwa waya wa fedha", yaani tanuri la kuchomea krauni, alilenga penyewe. Asante sana.

Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi. Waya wetu ulikuja kujiviringa kuwa tone skrini ya tanuri ikisoma 990. Maana yake, programu ya kuchoma krauni kwa nyuzi 840 ilikuwa inaishia kama 810. Kipande kikitoka kuchongwa ni cha buluu, nguvu yake takriban MPa 130 (megapaskali, kipimo cha uimara). Ni zile dakika 7 za kwenye 840 zinazoziotesha fuwele ndefu kama sindano, zikasukana na kuuzuia ufa usisonge. Hapo ndipo unaivuka MPa 360. Krauni zetu zilikuwa hazijaiva, na dalili tulikuwa tunaiona: kivuli cha zambarau shingoni mwa krauni, karibu na ufizi.

Tumesawazisha kipimo, tumefuta vumbi kwenye mpira wa mlango ili vakyumu ishike, na tanuri sasa liko kwenye UPS (betri ya akiba), maana umeme wa hapa ukikatika katikati ya uchomaji kipande hicho ni cha kuchonga upya tu. Mlango haufunguki hadi nyuzi 700, kisha krauni inapoa yenyewe juu ya trei, mbali na feni.

Marekebisho yote yafanyike ingali buluu. Ukilazimika kusaga baadaye, tumia almasi laini na maji, halafu irudishe kwenye uchomaji wa gilezi (tabaka jembamba la kung'aa).