Mfarishi wa kitenge kwa ajili ya mama: niweke nini katikati?

Mshonaji wa Njoro, Moshi

Salaam kwenu nyote. Ninaishi Moshi, nina cherehani cha kukanyaga nilichorithi kwa shangazi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikishona nguo za nyumbani na sare za watoto wa jirani. Mwaka jana nilijaribu kitu kigeni kwangu, yaani mfarishi wa viraka: juu vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, katikati kitu cha kuleta joto, chini kitambaa kizima, kisha matabaka yote matatu yanashonwa pamoja. (Kamusi inauita mfarishi; hapa nyumbani wanauita "blanketi la mabaki", na sijafanikiwa kuwabadilisha.)

Siku nilipoumaliza niliona umependeza. Nilikuwa nimekata mabaki ya vitenge na kanga moja nyekundu kuwa miraba ya inchi 3, nikaiunganisha jinsi ilivyokuja mkononi, nikajaza pamba ya mito, nikapiga mistari sita ya cherehani kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ulifuliwa mara moja tu. Kanga ilichuja na wekundu wake ukahamia kwenye kila kitambaa cheupe, vipande vingine vilirudi (yaani vilipungua ukubwa) na vingine havikurudi hata mishono ikajikunjakunja, na pamba yote ikakimbilia kona moja. Sasa uko juu ya kabati na paka ndiye anayeulalia.

Mama yangu anaishi Kibosho, ambako Juni na Julai ukungu hauondoki mpaka saa nne za asubuhi, na ningependa kumshonea mfarishi wa kitanda cha futi 4 kwa 6. Ninavutiwa na mtindo wa kisasa, wenye sehemu kubwa isiyo na nakshi na maumbo machache tu. Naomba mnisaidie: katikati niweke kitu gani kinachopatikana huku kwetu? Je, vitenge vya maua makubwa vinafaa? Na cherehani cha kukanyaga kitaimudu kazi hiyo?

Fundi wa Ngarenaro

Pole, dada. Nadhani makosa yako matatu yana chanzo kimoja: uliunganisha vitambaa kabla hujajua kila kimoja kinafanya nini kikiingia majini. Mimi ni fundi wa nguo hapa Arusha, na mifarishi naishona jioni kwa ajili ya watu wangu tu, kwa sababu sijampata bado mteja anayekubali kulipia saa zinazoingia humo.

Pamba ya mito ni nyuzi zilizo huru, na kitu kilicho huru hutembea. Sufi, ambalo bibi zetu walijazia magodoro, nalo hufanya vivyo hivyo. Unachohitaji katikati ni kitu kilichoshikamana chenyewe kama shuka, na kwa pesa ndogo huwezi kupata kilicho bora kuliko blanketi la mtumba. Nenda Kiborloni mapema, tafuta blanketi jembamba la flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi, ambalo unene wake hauzidi wa sweta la shule. Halirudi, halikusanyiki, unaweza kuachanisha mistari ya kushonea kwa shubiri nzima bila wasiwasi, na kwenye ukungu wa Kibosho litakauka upesi kuliko pamba. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa: flisi ni polista, kwa hiyo huyeyuka kwenye moto. Ikiwa mama ana mazoea ya kujifunika akiwa ameketi jikoni karibu na mafiga, liache kabisa, utafute blanketi kuukuu la pamba lililokwisha kufuliwa mara nyingi. Hilo ni zito na huchelewa kukauka, lakini haliyeyuki likamgandia mtu mwilini.

Kuhusu kuchuja: fua kila kitambaa peke yake kabla mkasi haujakigusa. Ule ukavu wa kitenge kipya dukani ni wanga tu, nao huondoka kwa maji ya kwanza. Kisha chukua kipande kilicholowa, kilaze juu ya kitambaa cheupe, upige pasi. Kikiacha rangi, rudia kufua. Kikiendelea kuacha rangi baada ya mara nne, kishonee aproni na usikiingize kwenye mfarishi. Wengi watakuambia uloweke kwenye chumvi au siki ili rangi ishike. Mimi nilifanya hivyo kwa miaka na sikuona faida: rangi iliyotoka kiwandani haijashika haitashikishwa na chumvi ya mezani, na kinachosaidia ni kuiondoa ile iliyozidi kwa maji mengi. Ukiwa na shaka kama kitambaa ni pamba, choma uzi mmoja. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini, ilhali polista huacha kidonge kigumu cheusi.

Cherehani chako kitaiweza, tena kina nafuu, kwa kuwa mwendo uko mguuni mwako. Weka sindano namba 16 utakaposhona matabaka matatu, refusha mshono kidogo, na legeza skrubu ya juu inayobana mguu wa cherehani, maana mguu ukibana sana husukuma kitambaa cha juu mbele na kukiacha cha chini nyuma. Anzia katikati kuelekea kingo, kamwe usianzie ukingoni. Na kabla ya hayo yote, bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani, robo inchi kamili kutoka kwenye sindano, kitambaa kiwe kinapita hapo kila unapounganisha vipande. Ukikosea kwa upana wa uzi katika kila mshono, baada ya mishono ishirini utakuwa na upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na hakuna pasi itakayokuokoa.

Mwalimu Mstaafu, Tengeru

Mwanangu, Fundi amelimaliza la maji. Mimi naomba niseme juu ya sura. Kitenge chenye ua la ukubwa wa sahani hakikukosea chochote, ila wewe ulikikata miraba ya inchi 3, na hilo ni sawa na kukata picha ya harusi ukabakiza masikio ya bwana harusi. Nakshi kubwa inahitaji kipande kikubwa. Usishuke chini ya inchi 8, na kama ua lina inchi 12, liache lote.

Mtindo huo unaoupenda una jina, modern quilting, na una chama, Modern Quilt Guild, kilichoanzia Los Angeles mwaka 2009. Hata hivyo, macho yangu yalifunguliwa na kitu cha zamani zaidi, yaani kazi za akina mama wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama nchini Marekani, ambao ni wajukuu wa watumwa. Walishona kwa suruali za shamba zilizochakaa na mashati yaliyofifia, na hawakuwa wakifuata mtindo wa mtu. Mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, kisha New York, na mwaka 2006 ikachapishwa kwenye stempu za posta za Marekani. Ukizitazama utaona kwamba mistari haijanyooka sana, ukanda mmoja umekuwa mpana ghafla kwa sababu ndivyo suruali ilivyokuwa, na jicho halichoki.

Kwa ajili ya ile sehemu isiyo na nakshi, nakushauri utumie marekani. Tunakiita hivyo kwa kuwa katika karne ya 19 kitambaa hicho cha pamba kisichopaushwa kililetwa pwani yetu kutoka Marekani, na mpaka leo ukilitaja jina hilo dukani muuzaji anajua akupe nini. Weupe wake wa maziwa hutulia pembeni ya kitenge kuliko bafta, ile pamba nyeupe iliyopaushwa, ambayo kwangu mimi inang'aa kama shuka la hospitali. Weka marekani karibu theluthi mbili ya eneo lote, maua matatu au manne ya kitenge upande mmoja badala ya katikati, na ukanda mmoja mwembamba wa rangi kali unaokatiza upande wa pili. Yapange juu ya kitanda kwanza, rudi nyuma mpaka mlangoni, upige picha kwa simu na kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Vipande viwili vikionekana vimemezana kwenye picha hiyo, badilisha kimoja.

Binti wa Pangani, sasa Sakina

Habari za jioni. Nakubaliana na Fundi kwa mengi isipokuwa moja: kushona matabaka matatu kwa cherehani ni kujitesa, hasa kwenye meza nyembamba ambapo furushi zima linakuvuta shingo. Mimi naunganisha kwa cherehani, lakini matabaka nayashona kwa mkono, kwa bandi (mishono ya kupitisha sindano juu na chini) ndogondogo za uzi mnene, jioni mbili au tatu kwa wiki. Subana (kikofia cha kukinga kidole na sindano) kwenye kidole cha kati, mfarishi mapajani, na katika msimu wa baridi unajifunika huku unaushona.

Kuna watu nilivutiwa nao sana, Wasidi wa jimbo la Karnataka nchini India, ambao asili yao ni Afrika. Wao huushona mfarishi wote kwa mkono, wakianzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, wakikunja kingo za kila kipande wanapofika, na kwenye pembe hutia vipande vidogo vilivyokunjwa wanavyoviita phula, yaani maua. Nilijaribu njia yao kwa kitanda cha mtoto. Siwezi kusema ilikwenda haraka, lakini ule mzunguko wa bandi ulifanya kitambaa kiwe na mawimbi madogo ambayo cherehani hakiwezi kuyatoa.

Kwa upande wa chini, tumia doti ya kanga. Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo ukiunganisha mbili kwa upande mrefu unapata 150 kwa 220 bila kukata chochote. Toa kidogo kwa kurudi zikifuliwa, kisha uache ziada ya sentimita 8 kila upande kwa ajili ya kukaza na kurekebisha, hivyo sehemu ya juu isizidi 130 kwa 195. Kitanda cha 4 kwa 6 ni kama 122 kwa 183, kwa hiyo unatosha mtu mmoja.

Ila soma jina la kanga kabla hujanunua! Mimi nilimshonea wifi yangu mfarishi wa arusi, nikachagua kanga kwa sababu ya rangi yake ya zambarau, na sikugundua mpaka ulipofunguliwa mbele ya wageni kwamba imeandikwa "Hasidi hana sababu". Tumesameheana, lakini ilichukua Ramadhani mbili.

Mshonaji wa Njoro, Moshi

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Dada wa Sakina, je, nikishona kwa mkono niachanishe mistari kiasi gani? Na pindo la kumalizia nilikate upana gani?

Fundi wa Ngarenaro

Kwa flisi, vidole vinne vinatosha, na hata shubiri haitaleta madhara. Pindo kata inchi 2 na nusu, likunje katikati mara moja kwa urefu, ulishone upande wa juu kwa cherehani kisha uligeuze na kulimalizia nyuma kwa mkono. Dada wa Sakina amenishinda kwa hoja ya shingo, nakiri. Ila ukishona kwa cherehani, kata sehemu ya juu kuwa mapande matatu, ushone kila pande na tabaka zake, halafu ndipo uyaunganishe. Furushi halitakuvuta.

Mshonaji wa Njoro, Moshi

Nimerudi baada ya wiki saba. Flisi la kijivu nililipata Kiborloni, na mama amenihakikishia kwamba hakai na blanketi jikoni. Marekani nililifua mara mbili, na lilirudi zaidi ya nilivyotazamia, karibu vidole viwili kwa kila mita, kwa hiyo nashukuru sikuanza na mkasi. Kitenge kimoja cha kijani kilishindwa mtihani wa pasi hata mara ya nne, nacho sasa ni aproni. Niliweka maua manne makubwa ya bluu upande wa kushoto, ukanda wa manjano wa inchi 1 upande wa kulia, na matabaka nikayashona kwa mkono, mistari iliyonyooka kwa vidole vinne. Nilijidunga mara nyingi kabla sijaizoea subana. Mfarishi umefuliwa mara mbili na hakuna kilichohama wala kujikunja.

Jumamosi niliupeleka Kibosho. Mama aliugeuzageuza, akapapasa mishono, akauliza marekani ni ya nini wakati vitenge vimejaa sokoni, kisha akaona upande wa chini. Kanga niliyochagua imeandikwa "Nani kama mama". Jana mdogo wangu amenitumia picha ya chumba: kitanda kimetandikwa vizuri, kanga ikiwa juu, jina linasomeka kutoka mlangoni. Mwalimu, maua yako manne na theluthi mbili za marekani vinatazama godoro.