Maji ya mbegu za mlonge kwenye asidi ya kutolea kutu: yanalinda chuma kweli?

Fundi_Chumbageni:
Wakuu, vyuma vya mageti hapa Tanga vinashika kutu kabla hata ya kupakwa rangi. Tunavilaza kwenye asidi ya haidrokloriki, ila kutu ikishatoka asidi inahamia kwenye chuma chenyewe. Nasikia protini ya mlonge au soya inazuia. Inaandaliwaje?

Mkemia_Pongwe:
Inazuia, mkuu. Anza na mlonge. Protini zake zina chaji chanya. Kloridi (chembe zenye chaji hasi) ya asidi hutangulia kwenye uso wa chuma, protini ikanata juu yake. Soya ina kero yake: wakati wa kusuuza, pH (kipimo cha ukali wa asidi) ikipita 4.5, inaganda na kuacha utando.

Menya mbegu kavu, twanga gramu 50. Loweka unga kwenye spiriti nusu saa mbali na moto, chuja, anika kivulini. Usiruke hapo, mafuta yakibaki, rangi haishiki. Kisha koroga unga dakika 30 katika lita 1 ya maji yenye gramu 58 za chumvi, uchuje kwa melikini mara mbili. Tumia siku hiyohiyo. Kwa joto letu, kesho yake yananuka: bakteria wameshaanza kula protini.

Kiasi ukipime mwenyewe. Asidi ya 33%, mililita 95, imimine ndani ya maji (kamwe si maji ndani ya asidi) hadi lita 1. Gawa vyombo vinne vya mililita 200, tia maji ya mlonge mililita 0, 4, 10 na 20, kisha jaziliza kwa maji ya chumvi vilingane. Usipolinganisha, utakuwa unapima tu jinsi asidi ilivyozimuliwa. Tumbukiza vipande vya chuma vilivyopigwa msasa na kupimwa kwa mizani ya sonara. Baada ya saa 24 suuza, futa utando kwa ufutio, kausha, pima tena. Kisicho na mlonge kikipoteza gramu 0.80, chenye mlonge 0.20, kinga ni 75%.

Raskazone77:
Uzito hauonyeshi vishimo, tazama kwa lenzi pia. Tangi likae kivulini, maana joto linabandua protini. Na asidi ya betri ni salfuriki, haina kloridi, ipimie upya.

Fundi_Chumbageni:
Shukrani. Utando huo wa mlonge unatosha bila praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu)?

Mkemia_Pongwe:
Hautoshi, mvua moja inauondoa. Suuza mpaka maji yasitoe povu, kausha kwa kitambaa, piga praima saa hiyohiyo. Ukikiacha chuma mpaka jioni kwa upepo huu wa bahari, kitageuka rangi ya chungwa.