Namhisi mdogo wangu anatumia unga, nikimpima damu kimya kimya itaonyesha?

Wakuu naombeni ushauri maana silali. Mdogo wangu ana miaka 22, tunakaa wote Temeke, tangu mama afariki mimi ndo mama yake. Siku hizi anakonda, anasinzia kijiko kiko mkononi wali unapoa, na juzi nakung'uta suruali yake nifue ikadondoka foili imeungua katikati, nikimuuliza anasema uchovu wa kazi. Nataka nimwambie twende tukapime malaria alafu nimnong'oneze daktari atafute unga kwenye damu hiyo hiyo, itaonekana kweli?

Mtu wa Maabara: Pole sana dada. Kwenye malaria tunatafuta vimelea basi, hata full blood picture inahesabu chembe za damu tu, unga, yaani heroini, una kipimo chake. Tena kwenye damu haukai, heroini ikiingia mwilini dakika chache tu imeshageuka, inabaki mofini, nayo baada ya siku moja hivi huikuti. Ndo maana wengi wanapima mkojo, unaonyesha siku mbili tatu, bangi kwa mvutaji wa kila siku hata mwezi. Ila akiwa amekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini kile kipimo cha haraka kinasoma vilevile kama ametumia unga. Na kumtoa damu mtu mzima kwa kumdanganya sio sawa kabisa, daktari makini atakukatalia.

Zamani Teja: Dada mi nimetumia miaka 6, sasa nakunywa methadoni kila siku, dawa ya kutuachisha unga. Kwetu walinipima kwa hila, majibu yalivyotoka nikahama nikalala magofuni mwaka mzima. Muangalie akikosa, miayo haikatiki, makamasi, machozi, vinyweleo vinasimama, tumbo linaendesha, hiyo ndo arosto. Subiri ametulia muonyeshe foili, usimpigie kelele. Akikubali nenda nae kliniki ya methadoni, Muhimbili walianza 2011 na hapo kwenu Temeke ipo, ni bure. Huko watapima mkojo, na damu watamtoa akijua, waangalie virusi vya UKIMWI na homa ya ini, maana kama ameshaanza kujidunga hicho ndo kipimo cha damu anachokihitaji.

Mama Wawili: Na majirani wasijue kwanza mamii, aibu itamkimbiza.

Mleta uzi: Asanteni jamani nimelia. Ya malaria nimeachana nayo. Karudi sasa hivi, ametulia, nimemtengea chai, foili nimeifunga kwenye pindo la khanga.