Ulaya ikilazimisha programu za ujumbe zifunguliane milango, siri ya mazungumzo inabaki mikononi mwa nani?

Mkalimani ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Ninaishi Uholanzi na kazi yangu ni ukalimani. Wengi ninaowahudumia ni watu wanaoomba hifadhi, na kati ya kikao kimoja na kingine hunitumia kwa WhatsApp ujumbe wa sauti, picha za hati na barua walizopokea kutoka kwa mawakili wao. Hivi karibuni nimeona katika mipangilio ya programu hiyo chaguo linaloniuliza kama nakubali kupokea ujumbe kutoka programu za kampuni nyingine, na maelezo yake yanasema kwamba jambo hili linatokana na sheria ya Ulaya.

Nimejaribu kulifuatilia nikachanganyikiwa. Umoja wa Ulaya ndio uliotunga Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, ambayo inaweza kuitoza kampuni faini ya hadi asilimia 4 ya mapato yake ya mwaka duniani kote. Umoja huohuo sasa unaziagiza kampuni kubwa zifungue mifumo yao, na nasikia lipo pia pendekezo la kukagua ujumbe wa watu. Je, mlango ukifunguliwa, usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, yaani kufungwa kwa ujumbe ili usomwe na mtumaji na mpokeaji tu, unabaki kama ulivyokuwa? Na mtu mwenye kazi kama yangu akubali au akatae? Naomba majibu yenye msingi, kwa sababu wanaonitumia hati hizo wameniamini, na baadhi yao walikimbia serikali zilizokuwa zikisoma barua zao.

Bawaba amejibu:

Ndugu Mkalimani, nianze na upande wa sheria, kwa kuwa ni mfupi. Unayoizungumzia ni Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya mwaka 2022. Tarehe 6 Septemba 2023 Tume ya Ulaya ilizitaja kampuni sita kuwa walinda lango, yaani kampuni ambazo ni njia muhimu ya wafanyabiashara kuwafikia wateja wao, na WhatsApp na Messenger, zote za Meta, zikaangukia kifungu cha 7 kinachohusu mawasiliano. Ujumbe wa watu wawili, pamoja na picha, sauti na mafaili, ulitakiwa uanze kwanza. Makundi yakapewa miaka miwili tangu siku ya kutajwa, na simu za sauti na video miaka minne. iMessage ya Apple ilichunguzwa ikaachwa nje mwezi Februari 2024. Kifungu hicho kinasema bayana kwamba kiwango cha usalama ambacho mlinda lango huwapa watumiaji wake, ukiwemo usimbaji wa mwisho hadi mwisho, lazima kidumishwe katika mawasiliano na programu za nje, na kwamba mtumiaji anabaki huru kukubali au kukataa. Ndiyo maana umeulizwa.

Upande wa ufundi unahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi. WhatsApp hutumia itifaki ya Signal, yaani utaratibu wa kufunga ujumbe uliotoka kwa watengenezaji wa programu ya Signal, na kampuni inayotaka kuungana nayo hutakiwa kutumia itifaki hiyo au kuthibitisha kwamba yake inalinda kwa kiwango kilekile. Funguo za kufungulia ujumbe hutengenezwa ndani ya simu na kubaki humo, kwa hiyo seva iliyo katikati hupitisha kitu isichoweza kukisoma. Lakini maneno "mwisho hadi mwisho" yana miisho miwili, na sasa mmoja wapo uko ndani ya programu iliyotengenezwa na watu usiowajua. Ujumbe ukishafika na kufunguliwa, programu hiyo ndiyo inayoamua uhifadhiwe wapi na nakala yake ipelekwe wapi, na hakuna hesabu ya usimbaji inayoweza kuizuia.

Kisha kuna metadata, ambayo kwa kazi yako naiona nzito kuliko maudhui: nani alimwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi, akiwa kwenye mtandao upi. Mtu anayewasiliana na mkalimani, kisha wakili, kisha mkalimani tena, usiku wa kuamkia siku ya usaili wake, ameshaeleza mengi bila sentensi yake hata moja kusomwa. Kifungu cha 7 kinaruhusu kukusanywa na kubadilishana data zile tu ambazo ni za lazima kabisa kwa ajili ya kuunganisha huduma hizo, na hilo ni jambo jema, ila kumbukumbu ambayo zamani ilikuwa kwa kampuni moja sasa iko kwa mbili. Kwa sababu za namna hii programu nyingine za ujumbe, Signal na Threema, zilikataa kujiunga, ingawa sheria iliwapa haki ya kuomba, na mimi naona walifanya sawa.

Ukiamua kukubali, au hata ukikataa na kubaki ndani ya WhatsApp, hakikisha funguo. Fungua maelezo ya mtu unayewasiliana naye, kisha sehemu ya usimbaji fiche, utaona tarakimu 60 zilizopangwa katika mafungu 12 ya tarakimu tanotano. Zikilingana na zilizo kwenye simu yake, hakuna aliyejipenyeza katikati.

Kiwambo amejibu:

Nakubaliana na Bawaba kuhusu metadata, lakini hofu ya kufungua milango isitufanye tusahau hatari tuliyoishi nayo miaka yote. Ujumbe wa kwanza wa SMS ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na hadi leo SMS haina usimbaji wa mwisho hadi mwisho: kampuni ya simu inaweza kuisoma. RCS, iliyokusudiwa kurithi nafasi yake, iliingia kwenye iPhone Septemba 2024, lakini ujumbe kati ya iPhone na Android ulianza kusafiri kwa njia hiyo bila kufungwa. Mkalimani, kama kuna mteja wako anayekutumia hati kwa ujumbe wa kawaida wa simu kwa kuwa hana bando, anza na huyo kabla ya kuhangaika na WhatsApp.

Kinachonipa matumaini ni kiwango cha wazi cha kusimba ujumbe wa makundi kiitwacho MLS, kilichokamilishwa na IETF, shirika linaloweka viwango vya intaneti, mwezi Julai 2023 kwa namba RFC 9420. Ugumu wa siku zote ulikuwa makundi: kila mtu anapoingia au kutoka lazima funguo zibadilishwe, na zamani kazi hiyo iliongezeka sambamba na idadi ya wanakundi. MLS huwapanga wanachama kama majani ya mti, na badiliko la jani moja hugusa tu njia ya kutoka jani hilo hadi shinani. Kwa hiyo katika kundi la watu 1,000, pale mti ukiwa umejaa, mabadiliko hupita takriban hatua 10 badala ya 1,000. Mwezi Machi 2025 GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, ilitangaza maelekezo mapya ya RCS yenye usimbaji uliojengwa juu ya MLS. Hapa ndipo ninapoona sheria ya Ulaya ilipungukiwa, maana ilimwachia kila mlinda lango atangaze masharti yake mwenyewe ya kuunganishwa, wakati kiwango cha wazi kinachoweza kukaguliwa na mtaalamu yeyote kilikuwa njiani.

Mkalimani:

Nawashukuru nyote wawili. Na habari ya ukaguzi wa ujumbe, ni kweli?

Shubaka amejibu:

Dada au kaka Mkalimani, ni kweli kwamba pendekezo lipo, na historia yake inaeleza ule mkanganyiko ulioutaja. Tangu mwaka 2002 Umoja wa Ulaya una sheria inayolinda usiri wa mawasiliano pamoja na data zinazoyahusu, lakini iliandikwa wakati wa kampuni za simu. Mwezi Desemba 2020 programu za ujumbe nazo ziliingizwa chini ya ulinzi huo, na papo hapo kampuni zilizokuwa zikichuja kwa hiari picha za unyanyasaji wa watoto zikawa hazina ruhusa ya kisheria. Mwaka 2021 ukapitishwa msamaha wa muda, ambao baadaye uliongezwa hadi tarehe 3 Aprili 2026.

Tarehe 11 Mei 2022 Tume ilipendekeza sheria ya kudumu ambayo ingeweza kuzilazimisha huduma kukagua ujumbe, hata uliosimbwa. Njia pekee ya kufanya hivyo ni kuuangalia ndani ya simu kabla haujafungwa. Bunge la Ulaya lilipinga hilo mwezi Novemba 2023 likitaka mawasiliano yaliyosimbwa yaachwe nje, na msimamo ambao Baraza la Umoja wa Ulaya, yaani serikali za nchi wanachama, lilifikia mwishoni mwa Novemba 2025 uliondoa ulazima huo. Mimi ni mzazi, na madhara wanayopata watoto hao siyachukulii kwa wepesi hata kidogo. Lakini kifaa cha kuchungulia kikishawekwa ndani ya simu ya kila mtu, atakayekuja kubadilisha orodha ya vitu vinavyotafutwa hatuwezi kumchagua leo. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua tarehe 13 Februari 2024, katika kesi ya Podchasov dhidi ya Urusi, kwamba kulazimisha usimbaji udhoofishwe kwa watumiaji wote hakulingani na haki ya faragha.

Mkalimani:

Nimelizima lile chaguo kwa sasa. Jana asubuhi nilimwomba mama mmoja ninayemkalimania tukae kwenye benchi nje ya ofisi ya wakili, tukaweka simu mbili pamoja na kusomeana zile tarakimu fungu kwa fungu. Tulipofika la saba alinisimamisha, akaniomba nirudie polepole kwa sababu hakuwa na miwani. Zote 60 zililingana. Ameniuliza kama tunaweza kufanya hivyo na wakili pia, na tumepatana kumwomba wiki ijayo kabla ya kikao kuanza.